Waya Iliyomshika Mama Mkwe

Wacha nianze na ile aibu kubwa, tukiimaliza nipumue. Mimi nilimnasa mama mkwe wangu na mtego wa dikidiki.

Sisemi kwa mfano. Nasema mguu wa kushoto, juu kidogo ya soksi, na waya ya breki ya pikipiki. Watu wengine wakikosana na mama mkwe wanatuma wazee na mbuzi. Mimi ningetuma wazee waende waseme nini? Kwamba kijana wetu alikuwa anatafuta nyama akapata nyinyi?

Sasa nielezee, maana hata mimi nikijisikiliza naona huyu mtu ana shida.

Tunakaa upande wa chini wa Embu, kule Mbeere, mahali mvua ikikuja watu wanatoka nje kuiangalia kama mgeni. Mimi ni fundi wa pikipiki pale sokoni. Shule niliachia kidato cha pili, na walimu hawakulia. Bibi yangu ni wa Kibirichia, Meru, kule juu viazi inamea mpaka nyuma ya choo. Siku nilienda kujulikana kwao, kaka zake waliniuliza, "Huko kwenu mnakula nini?" Nikasema ndengu na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Wakauliza, "Na ndengu ikikosa?" Nikacheka, wao wakacheka, chai ikaletwa. Sikuwaambia kwamba ndengu ikikosa, kwetu tunakula kitu chochote kimeshindwa kukimbia vizuri.

Kwao mtu wa kula mnyama wa porini ni mtu hana shamba wala aibu. Bibi yangu alizoea polepole. Mama yake hakuwa anajua kabisa, na mimi nilipanga afe bila kujua, akiwa mzee sana, kitandani mwake.

Mwaka huo ndengu zilikauka zikiwa na maua. Watu walikuwa wanaendesha pikipiki bila breki kuliko waniletee nitengeneze. Ndio nikachukua zile waya mzee za breki zilikuwa zimening'inia pale kazini, nikarudi kwa kazi ya baba yangu. Nyama ya kwanza iliingia kwa nyumba ndani ya gunia. Msichana wangu, wa darasa la sita, alikula akalamba vidole, halafu akauliza, "Baba, hii imetoka wapi?"

Ningeweza kumwambia imetoka buchari. Lakini nilikuwa najisikia mwanaume siku hiyo. Nikamwambia, "Jumamosi nitakuonyesha."

Bibi yangu alingoja mtoto atoke nje.

"Unafundisha mtoto kuiba."

"Kuibia nani?"

"Serikali. Si wanyama ni wa serikali?"

"Basi serikali ikuje tukule nayo muthokoi, ione vile inashuka bila kitu."

Hakucheka. Akasema, "Siku atashikwa, ataulizwa nani amemfundisha. Atasema nini?"

"Hatashikwa," nikasema. Nikaona nimejibu vizuri sana.

Mtoto alishika haraka mpaka nikaogopa kidogo. Nilimwonyesha kwamba dikidiki huenda haja mahali pamoja kila siku, kama mtu ana hati ya hiyo ploti. Nilimwonyesha kichaka kimeguswa na ngozi na kile kimeguswa na upepo. Nilimwambia usitege karibu na maji wakati wa kiangazi, maana pale kila mtu anakuja na kiu na huo si uwindaji, ni uhaini. Nilimwambia ukipata mama ana maziwa, unafungua. Alikuwa anauliza maswali yule mtoto. "Na kama mtoto wake ameshakua?" "Na kama sisi ndio tuna njaa sana kuliko yeye?" Mimi najibu kama kasisi, sijui hata nimetoa wapi.

Kuna kitu kimoja sikumfundisha. Baba yangu alipotega, kabla aondoke, alikuwa anashika nyasi ndefu pande zote mbili za mtego, anazikunja kichwa chini, anafunga fundo. Kila mtu kwetu alijua hiyo fundo. Mama wa kuni akiiona anazunguka. Watoto wa kuchunga wanazungusha mbuzi. Baba alisema mtu akitega bila kufunga nyasi huyo hawindi wanyama, huyo anachukia watu.

Lakini siku hizi kuwinda ni kesi. Na hao askari wa wanyama nao wamezaliwa na watu, wengine wamezaliwa hapa hapa, hiyo fundo wanaijua kuliko mimi. Ukifunga nyasi ni kama umeacha kitambulisho chako kwa mti. Kwa hivyo nilimfundisha mtoto kila kitu, hiyo nikairuka.

Yeye mwenyewe aliuliza. Tulikuwa tunaficha waya na majani, akasimama, akaangalia njia huku na huku. "Na watu wakipita?"

"Hapa hakuna mtu hupita," nikasema.

Halafu mama mkwe akasikia kwamba tuna njaa. Alishuka kutoka Kibirichia na gunia ya viazi na begi ya dawa. Ana sukari, ya miaka mingi. Daktari wao huko alikuwa amemwambia mguu autunze kama yai, kwa hivyo hata kwenye hiyo jua yetu alikuwa anavaa soksi na viatu vya kufunga. Mimi nilificha waya, nikaficha visu, nikafukia mifupa. Nilikaa kwa heshima. Kwetu mama mkwe huwezi hata kukaa kwa kiti ametoka sasa hivi. Akiingia unatoka, akiongea unaangalia chini. Nilikuwa nimeangalia chini mpaka shingo ikauma.

Mitego ya porini sikuitoa. Nilifikiri, ataenda tu.

Siku moja jioni nikitoka kazini, jua likiwa limeanza kulegea, bibi yangu akanikuta kwa mlango. "Hujakutana na mama njiani?"

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Alienda kwa mawe kupiga simu, tangu tumalize kula mchana."

Kwetu netiweki iko kwa mawe peke yake, kale kamlima kako nyuma ya shamba. Unapanda, unaongea na ndugu zako, unashuka. Hata mzee hachukui mchana mzima.

"Alipita njia gani?"

"Ile fupi. Mimi ndiye nilimwonyesha."

Msichana wangu alikuwa anaosha sufuria hapo kando. Mikono ikasimama ndani ya maji. Hakuinua kichwa. Mimi nikaona shingo yake tu, na hiyo shingo ilikuwa imejua kitu.

"Tuende," nikamwambia.

Tulitoka haraka lakini bila kukimbia mpaka tukavuka shamba, halafu tukakimbia. Yeye mbele, mimi nyuma na viatu vyangu vya gambuti vinapiga miguu. Nilikuwa nataka kuita, na nikakumbuka siwezi kumwita mama mkwe kwa jina. Nikaita, "Mama!" Mbuzi fulani akajibu. Wakati mwingine ningecheka.

Nilimshika mtoto bega. "Sikiza. Tukimpata, wewe hujui kitu. Hiyo ni waya ya watu. Umesikia?"

Alikuwa anahema, ananiangalia.

"Nimesema umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Mtego wa kwanza ulikuwa vile tuliuacha. Wa pili pia. Akasema, "Ule mwingine ndio uko kwa njia kabisa."

"Kwa nini uliuweka kwa njia?"

"Wewe ulisema mnyama anapenda njia ya watu, kama hakuna watu."

Kweli nilisema.

Tulimpata chini ya mgunga, ameketi kwa leso yake. Simu mkononi, imezimika. Mkono ule mwingine alikuwa ameshika fimbo ya mti, na majani yote karibu naye yalikuwa yamechapwa, maana nyani walikuwa wamekuja kumwangalia. Kiatu kilikuwa kando. Alikuwa amevuta mguu, na hiyo waya imetengenezwa ikivutwa ikaze, kwa hivyo ilikuwa imeingia. Soksi ilikuwa nyeupe asubuhi. Vidole vilikuwa vimefura kama viazi vya kwao.

"Mama, pole," nikasema.

"Pole itafungua?"

Sasa simama hapo nilikuwa nimesimama. Mguu wa mama mkwe. Mimi hata mkono wake namsalimia na ncha za vidole. Nikachuchumaa, nikasimama tena. Nikavua kofia. Nikaenda upande mwingine kama mtu anatafuta mlango. Kama kungekuwa na mwanamke mwingine karibu ningeenda kumwita, na mguu ungekuwa unakauka.

Mtoto alipiga magoti. Hakuvuta. Alisukuma waya ndani kwanza, pole sana, akabonyeza ile kijiti inashikilia, akarudisha kitanzi nyuma na kidole gumba, akapitisha kisigino. Shosho, ndivyo mtoto humwita nyanya yake, alipiga sauti moja ya meno. Waya ikatoka. Yote hiyo mimi bado sijaamua nisimame upande gani.

Shosho hakuangalia mguu. Aliangalia hiyo mikono.

"Hii kazi umejifunzia wapi?" akamwuliza.

Mtoto akaweka waya chini. Akaniangalia mimi. Hakuwa ananiomba ruhusa. Ni kama mtu anaangalia kama mlango bado uko mahali pake.

"Mama, jua linaenda," nikasema.

Nilipanda kwa mawe nikapigia rafiki yangu, tunatengeneza naye pikipiki pale sokoni. Alikuja akipita katikati ya miti mpaka karibu na njia. Tukamweka shosho katikati, mtoto nyuma, ameshika ule mguu mbali na ekzosi. Mimi nikatafuta boda nyingine barabarani, kwa hivyo nilifika kituo cha afya nikiwa na vumbi mpaka kwa ulimi, na wao wameshaingia ndani. Rafiki yangu alikuwa amesimama kwa mlango.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mkali. Alipima sukari ya shosho, akaangalia kile kipimo, akapima tena. Uso ukabadilika.

"Nini imemkata?"

Nilikuwa nimepanga jibu njia nzima. "Mwiba, daktari."

"Mwiba umezunguka mguu mzima?"

"Miiba ya kwetu ni mibaya."

Rafiki yangu akakohoa huko mlangoni. Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Sikiza, mzee. Huyu mama ana sukari iko juu sana. Kama ni kitu iko na kutu au uchafu, nasafisha namna ingine na dawa ni ingine. Nikikosea leo, wiki ijayo tutakuwa tunaongea habari ya kukata mguu. Nauliza tena. Ni nini?"

Mimi nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini nikaona askari wa wanyama wameketi kwa kiti changu pale kazini wakiningoja. Nikaona kaka za bibi yangu, wote, na ile chai. Mdomo ukabaki wazi bila kitu, kama mfuko.

"Ni waya ya breki," mtoto akasema. "Ni mzee, iko na kutu. Iko na mafuta ya pikipiki. Na wiki ingine ilishika dikidiki, hatukuiosha."

Daktari akachukua kalamu tena, akaandika.

"Nani aliitega?" daktari akauliza.

"Ni mimi."

Alisema hivyo tu, pole, kama anajibu jina darasani. Daktari akamwangalia, mtoto wa darasa la sita, na sare ya shule iko na damu ya nyanya yake. Shosho akaniangalia mimi. Mtoto pia. Ukutani kulikuwa na picha ya mtu ananawa mikono, mistari chini yake imeandikwa jinsi ya kunawa. Niliisoma yote. Kama kungekuwa na mtihani wa kunawa mikono siku hiyo ningepita, mara yangu ya kwanza.

"Mimi natibu mguu," daktari akasema mwishowe. "Hayo mengine mtaelewana nyumbani. Shika shosho mkono, hii itauma."

Mtoto akamshika.

Tulikaa vibaya baada ya hapo. Kila asubuhi bibi yangu alikuwa anampeleka mama yake kufungwa mguu upya, na kila asubuhi mimi nasikiliza boda ikirudi nijue vile wanashuka, kama wanaongea au hawaongei. Kuna siku walirudi hawaongei. Kidole kidogo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Wakatumwa hospitali kubwa Embu mjini, wakalala huko. Mtoto hakula. Aliweka sahani mbele yake, akaiangalia mpaka ikapoa, akaipelekea mbwa. Nilimwambia, "Shosho atapona." Akasema, "Na kama hatapona?" Nikasema nimesahau mlango wa kuku wazi, nikatoka.

Bibi yangu nilimwambia usiku alirudi kutoka Embu kuchukua nguo. Nilisema, "Mtego ni wangu. Mtoto ni mimi nilimfundisha."

"Hiyo unaniambia mimi ya nini? Mimi nilikuwa hapa ukimfundisha. Ambia mwenye mguu."

Ile kuambia mwenye mguu ilinichukua siku nyingi kuliko nitasema hapa. Walikuwa wamerudi nyumbani, kidole kimekataa kuoza, daktari wa Embu amesema kina bahati. Mtoto alikuwa shule. Nilisimama nje ya mlango wa chumba alikuwa analala, nikaongea na pazia.

"Mama, yule mtoto hana makosa. Ni mimi nilimwonyesha. Na kulikuwa na alama tunafunga na nyasi, mtu akipita ajue. Sikumfundisha hiyo. Niliogopa askari."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.

"Uliogopa serikali," akasema, "ukasahau mimi natembea."

"Ndio, mama."

"Nilijua siku ile chini ya mti. Nilikuwa nangoja tu uniambie. Mguu wenyewe haukuwa na mahali pa kwenda." Halafu akauliza, na sauti ya kweli ya kutaka kujua, "Ile nyama huwa na mafuta?"

"Haina, mama. Ni ya kuchemsha."

"Mnaongeza nini?"

"Viazi, kama iko."

Nilisikia kama anacheka, lakini kwa pazia huwezi kujua.

Alirudi Kibirichia kwa miguu yake yote miwili, kucha moja imeng'oka, akiwa na kiatu cha kulia cha kawaida na cha kushoto cha bibi yangu, kikubwa. Kaka za bibi walipiga simu. Sikuongea nao, nilikuwa chini ya pikipiki. Siku hiyo nilikuwa chini ya pikipiki mpaka jioni.

Mtoto alienda peke yake akatoa waya zote, akazileta kazini zimekunjwa vizuri, akaziweka kwa meza. Nilimpa soda, akakunywa nusu, akaenda. Hajaniuliza tena habari ya Jumamosi. Mvua ilinyesha kidogo, ndengu ikatoka kidogo, nyama ya porini haijaingia tena kwa nyumba, na mimi bado sijui nimwambie nini siku ndengu ikikosa tena. Kuna watu watasema mtoto hafai kufundishwa kuua kitu. Hao wanakula, mtu mwingine ameua. Kuna watu watasema afundishwe, ndivyo tulivyolelewa. Hao nao hawajaona mikono ya mtoto wao ikifungua mtego kwa mguu wa mtu haraka kuliko mikono yangu inafungua soda.

Hiyo mikono ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi. Nikamwambia rafiki yangu siku moja tukiwa tunafunga breki ya mtu, yeye ameshika huku, mimi nimeshika huku. Nilimwambia naogopa nimeharibu mtoto, nimemfanya mwindaji mapema, moyo utakuwa mgumu. Nilimwambia vile nilienda nikaongea na pazia, na vile nilimwambia bibi yangu. Nilieleza na vichekesho vyote, huwa anapenda ile ya mbuzi kujibu.

Hakucheka. Alikaza nati, akajaribu breki na mkono, akailegeza kidogo, akakaza tena.

"Hiyo mikono unaogopa ndiyo ilitoa shosho kwa waya," akasema. "Mimi nilikuwa pale kwa mlango, daktari akiuliza ni nani. Mtoto alisema ni yeye, halafu akakuangalia. Wewe ulikuwa unasoma ukuta." Akapangusa vidole na kitambaa, kimoja kimoja. "Bibi umemwambia kosa ni lako. Mama mkwe umemwambia. Mimi hii stori umeniambia mpaka nimeijua kuliko wewe. Mtoto mwenyewe umemwambia?"